Soko ya "Kwa Koko" apa Goma: maswali munatuulizaka kila siku

Mimi ni mjukuu wa koko, mama ya papa, mwenye alianza iyi soko. Njo mwenye anakaaka kwa kiti ya plastiki karibu na kilo ya kupimia, na kila siku wakati niko napima viazi kiliya mmoja anauliza kama kweli tunauza apa tangu wakati ya Mobutu, mwingine anauliza kama ile fromaji ni ya Masisi kweli, na mustari nyuma inaanza kunung'unika. Basi nimeandika majibu yote mara moja. Vitu nilijua nimeandika, vitu sikujua nilienda kuuliza shangazi, na kwenye shangazi na papa hawasikilizani nilifungua kaye za koko, zile daftari zake za madeni.

Iyi soko ilianza mwaka gani?

Apo njo fujo yote inaanziaka. Papa anasema ni 1966. Shangazi anasema papa alikuwa angali kwa mgongo ya koko, atajua nini. Karatasi ya serikali hakuna, juu ile wakati haikuwa hata soko, ilikuwa gunia moja imetandikwa chini kando ya barabara na juu yake maharagi, vitunguu kidogo na shu mbili tatu. Lakini kaye ya kwanza ya koko iko, na kwa ukurasa ya kwanza kabisa madeni yote imeandikwa kwa makuta. Makuta ilikuja pamoja na pesa ya zaire mwaka 1967, zaire moja ilikuwa makuta 100, mbele ya apo watu walikuwa wanahesabu franga. Sasa kama koko alianza 1966 angeandika franga, ao? Nilionyesha papa ile ukurasa, akavaa malunete, akaigeuza mpaka nyuma, akasema basi kuna kaye ingine mbele ya iyi. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Kwa nyumba tunasemaka 1967 na tunamalizia pale.

Nyinyi njo munalima ao munanunua kwa wengine?

Yote mbili, na hatufichi. Shamba iko kwa milima ya Masisi, unapita Sake, kilomita kama 25 toka mjini, kiisha unaanza kupanda na barabara inaanza kukutukana. Kule ni juu, zaidi ya metre 2,000, asubuhi kuna baridi ya kutetemesha meno. Goma tuko kwa 1,500 ivi, na tuko juu ya mawe, njo maana viazi ya kule inatoka kubwa na ngumu, ya apa ukijaribu kupanda nyuma ya nyumba inatoka kama yai ya njiwa.

Tate, bwana ya koko, hakuanza na shamba yake. Alianza kijana kwa shamba ya mzungu, anavuna pareto. Kwa wenye hawajui: pareto ni maua nyeupe, katikati ni njano, unavuna kichwa tu, unaanika, kiisha inaenda kwa kiwanda wanatoa ndani dawa ya kuua wadudu. Wabelgiji walikuwa wamejaza Kivu na mashamba ya namna ile, pareto, kawa, kinina, na kutoka 1928 kulikuwa Comité National du Kivu yenye ilikuwa inawagawia wazungu udongo, na wenyeji walibaki wanaomba kazi juu ya udongo ya babu zao. Tate alisema vidole vyake vilinuka pareto mpaka siku ya yenga, hata kwa misa.

Kiisha ikafika 30 mwezi wa 11, 1973. Mobutu akatangaza mashamba na maduka ya wageni inaingia kwa mikono ya Wazairwa. Watu walicheza. Kwa ile shamba ya tate, yule mwenye alipewa, walikuwa wanawaita ba akerere, alikuja na gari, akatembea kama saa moja, akarudi mjini. Nyuma yake mabati ya kukaushia maua ikauzwa, ng'ombe ikauzwa, mwisho mlango ya depo nayo ikaenda, na wafanyakazi wakabaki bila mshahara. Tate njo aliomba kipande pembeni, kule kwenye mzungu alikuwa anaona udongo ni mbaya, akapeleka mbuzi na pombe kwa mkubwa wa kijiji vile desturi inaomba. Tatizo ni kwamba ile ile mwaka, 20 mwezi wa 7, sheria ya udongo ilikuwa imesha sema udongo yote ni ya serikali. Yaani mbuzi ilikubalika kijijini, mjini haikuwa kitu. Papa alikuja kukimbiza karatasi miaka mingi nyuma, na kwa ofisi moja, sitaitaja, tulilipa mara mbili kwa karatasi moja, na mara ya pili bwana akauliza kama hatuna hata kigunia ya viazi kwa gari.

Leo kwa shamba tunatoa viazi, maharagi, shu, karoti na poaro. Mananasi ni ya kisiwa cha Idjwi, ile hatulimi. Ndizi na mahindi tunapata Rutshuru, mboga ingine kwa watu wa Kibumba. Ukiuliza tutakuambia iyi ni yetu ao si yetu, hakuna aibu.

Kwa nini "Kwa Koko" na si "Kwa Tate", mwenye shamba si ni tate?

Juu tate alilima na koko aliuza, na kiliya anamujua mwenye anamupimia. Koko alikuwa anashuka na kitunga kwa mgongo, kamba imepita kwa paji ya uso, vile bamama ba kule wanabebaka mpaka leo, na viatu iko kwa mkono. Viatu alivaa akikaribia mjini tu, isiishe bure kwa mawe.

Lakini muangalie kitu iyi. Kwa karatasi zote za zamani, patanti, takse, risiti, jina ni ya tate. Tate mwenye hata bei ya kopo ya maharagi hakujua, alikuwa anauliza koko! Sheria ya familia ya 1987 ilikuwa inasema mwanamke wa ndoa lazima ruhusa ya bwana yake kwa mambo ya sheria, kuweka sahihi kwa mkataba na vile vyote. Ile ruhusa koko alikuwa nayo, tate aliweka sahihi, imekunjwa mara ine ndani ya kaye, na ingali. Mwaka 2016 wakabadilisha sheria, ruhusa ikatolewa. Shangazi alimusomea habari pale pale kwa meza. Koko alikuwa anachagua maharagi, hakuinua hata kichwa, akasema: "Aa, sasa wananiruhusu nianze?"

Munapima kwa kilo ao kwa kopo?

Utachagua weye. Kilo tuko nayo, lakini bamama wengi wanaaminia kopo juu wanaiona na macho. Shida ya kopo ni mwenye anaishika. Kuna wauzaji wanagonga chini ya kopo na jiwe, chini inaingia ndani, ukiangalia juu imejaa mpaka inamwangika kumbe ndani iko na tumbo, pale unapoteza mkono mzima ya maharagi kwa kila kopo. Koko alikuwa na namna yake ya kuonyesha: mbele ya kupima anageuza kopo, anakupigia chini yake na kidole, ti ti ti, usikie kama ni sawasawa. Kiisha anajaza mpaka maharagi inafanya mlima na inaanza kuteremuka, anaacha, hagusi, yenye imeanguka imeanguka. Na juu ya ile anaongeza matabishi, ya bure, mkono moja. Na siye tunafanya vile vile. Kama siku moja unapimiwa apa bila matabishi ujue ni yule ndugu yangu mdogo, uniite.

Viazi gani ni ya frite?

Kinigi. Ni kavu, inashika mafuta vizuri, hata ya kuchemsha ni tamu. Ile ingine, Cruza, iko na maji, lakini wakulima wanaipenda juu inavumilia ule ugonjwa wa mvua wenye unachoma majani. Bei yake iko chini, kwa sosi inatosha. Usinunue Cruza kiisha urudi kulalamika frite ililala.

Ni kweli parseli yenu iko chini ya volkano?

Ya kwanza, ndiyo. Siku ya ine, 17 mwezi wa kwanza 2002. Mlima Nyiragongo ulipasuka asubuhi, moto ikashuka ikapita kwa uwanja wa ndege, ikakata mji katikati mpaka ikaingia kwa ziwa. Papa alitaka kubeba magunia ya maharagi. Koko alisema acha, maharagi itarudi kwa shamba, akachukua ile bidon ya njano yenye imekatwa juu, kaye zote zilikuwa ndani, akaiweka kwa kichwa na akatoka. Kilo yenyewe aliiacha! Shangazi mpaka leo anamukasirikia juu ya ile kilo, ilikuwa ya chuma, ya zamani, ya mawe, hatujapata ingine kama ile. Wakavuka mpaka Gisenyi, kule Rwanda, pamoja na mji mzima, watu mia tatu elfu na kupita walikuwa kwa ile barabara, wakalala inje.

Hawakukawia kule. Kisha siku chache walisha rudi, kama watu wengi, wanatembea juu ya mawe yenye ilikuwa ingali na moto chini, sandale ya shangazi ikaanza kuyeyuka akabebwa na papa kama mtoto na alikuwa mama wa watoto wawili. Walifika kwenye ingekuwa kwetu. Hakuna kitu. Ni mawe nyeusi tu, inatoa moshi, hakuna barabara, hakuna kona, hakuna mti wa avoka. Koko akatafuta nguzo moja ya umeme yenye ilibaki imeinama, akageuka, akaanza kuhesabu hatua, akasimama akasema ni apa. Sasa jirani naye alikuwa amesimama pale pale, anasema ni kwake, na mwingine wa tatu.

Apo njo kaye ilifanya kazi yenye hakuna mwenye alifikiria. Koko hakuwa anaandika majina ya watu, wengi hakujua majina yao, alikuwa anaandika vile anawaona: mama wa mlango ya kijani, mbele yetu; papa wa baiskeli, nyumba ya pili kisha avoka; mwalimu, nyuma ya papa wa baiskeli. Miaka na miaka ya madeni, na kila deni iko na mahali. Mkubwa wa avenue akakaa juu ya jiwe na kaye, akaanza kusoma kwa sauti, watu wakaanza kujipanga, weye mlango ya kijani simama apa, mwalimu rudi nyuma kidogo, mpaka avenue nzima ikapatikana juu ya mawe. Na kila mtu akasikia deni ya mwenzake pia, ile ilileta kicheko ya kwanza tangu moto. Nyumba ya sasa tuliijenga juu pale pale, ukuta ni ile ile volkano tulipasua na nyundo. Kwa hiyo ukiwa umesimama unachagua karoti, soko ya zamani iko chini ya miguu yako.

Na ile ya 2021?

Ile haikutufikia. Ilikuwa siku ya posho (Jumamosi) magaribi, 22 mwezi wa 5, moto ikasimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Lakini matetemeko hayakuisha, na 27 wakatuambia tuhame, quartier 10 kwa 18 za mji. Tulienda Sake. Kesho yake asubuhi papa alisha tandika gunia chini kando ya barabara anauza viazi kwa wale wale bakiliya wa Goma, na bei ile ile, wengine walikuwa wanapanga vitu vibaya sana ile wiki.

Kwa nini kuna watu wanalipa deni na maharagi?

Ah iyi naipenda. Kwa kaye ya tano, katikati, koko anaacha kuandika pesa. Unaona zaire, zaire, zaire, sufuri zinaongezeka mpaka haziingii tena kwa mustari, kiisha ukurasa ingine imeandikwa tu: makopo 4. Makopo 2 na nusu. Kwa wenye hawakuishi ile wakati: mwisho wa 1992 walitoa noti ya zaire 5,000,000, moja, karatasi moja. Mwaka 1993 wakaleta zaire mpya, na moja mpya ilikuwa ya zamani 3,000,000. Mwaka 1998 ile mpya nayo ikaenda, franga ikaingia, franga moja kwa zaire mpya 100,000. Mtu alikuwa anachukua deni siku ya kwanza, siku ya posho ile pesa hainunui hata kiberiti. Koko hakusoma sana, alifika la tatu ya primere, lakini alielewa mbele ya watu wa benki. Ulichukua kopo utarudisha kopo, ao utarudisha bei ya kopo ile siku unalipa. Mambo imeisha.

Mpaka leo kuna familia kumi ivi wanaendelea ivo, juu wamezoea. Wengine tunapokea franga na dola. Lakini dola ya kupasuka hapana, hata kamustari kadogo, usikasirike, siye wenyewe kule kwenye tunanunua wanatukatalia. Dola inapasuka Goma inakufa, kule kwenye inatoka wanaishika hata na skochi.

Ndizi zenu za kasiksi (pombe ya ndizi) ziliisha namna gani?

Ugonjwa. Siye tunauita kirabiranya. Uliingia Kongo kupitia Masisi, 2001 njo walianza kuuona, yaani mlangoni kwetu. Migomba ilikuwa inakauka majani kama imechomwa, ndizi inaiva mbele ya wakati, moja njano moja kijani kwa mkono moja, ukikata ndani ni kama kutu na kwa shina inatoka maji ya njano. Tate alifikiri ni uchawi ya jirani, na jirani naye alifikiri ni ya tate, walikaa mwaka bila kusalimiana. Kumbe ni bakteria, wadudu wanaibeba toka kwa ua moja mpaka ingine, na siye wenyewe na panga: unakata mgomba mgonjwa, na panga ile ile unaenda kwa muzima. Dawa haiko. Yenye inasaidia ni kuvunja lile ua la chini na mti wenye panda, si na panga, mbele wadudu hawajafika, na panga unaipitisha kwa moto ao kwa javel, na shina yenye inagonjwa unaikata chini kabisa. Siye tulijua wakati tulisha poteza karibu shamba yote. Kasiksi ya koko, yenye wazee wanaulizaka, ilikwisha na ile migomba. Na hapana, hatutaanza tena, mwenye alijua kuitengeneza ni yeye.

Fromaji ni ya Masisi kweli?

Ni ya Masisi. Ni ile ya duara, ya njano, inatengenezwa kule kule kwa mashamba ya ng'ombe, kwengine bila hata umeme, na inashuka na pikipiki ao kamiyo, imefungwa ndani ya majani ao karatasi. Frigo hailazimishi kama haujaikata. Ukisha kata, funika na kitambaa yenye ina maji kidogo, uweke mahali pa baridi, na kama inaotesha kakitu keupe juu, kwangua, kula. Usiitie kwa sashe ya plastiki, itatoa jasho na itanuka. Siku haiko tutakuambia haiko, juu kama barabara imefungwa fromaji haina mabawa. Mashanza, maziwa ya kuganda, tunakuwaka nayo siku ya pili na siku ya posho, leta bidon yako.

Munatumiaka tena chukudu?

Ndiyo, kwa vitu vya Kibumba, juu kule ni mteremko mpaka mjini, chukudu ni ile kigari ya mti ya magurudumu mawili, pneu imekatwa kwa magurudumu, magunia matano sita na inashuka yenyewe, mwenyewe anashikilia breki na kisigino. Kupanda ni habari ingine. Kwa Sake tunaita kamiyo. Ile sanamu ya chukudu ya rangi ya dhahabu kwa rond-point watu wanapigaka picha, yule kijana wa chukudu wetu anasema angependa wamupe moja ya ile auze.

Wakati wa wakimbizi wa 1994 mulifanya nini?

Koko hakupenda kuongelea. Mwezi wa 7, karibu watu milioni moja walivuka toka Rwanda kwa siku chache tu, kolera ikaingia, na kaye ya ile mwezi ni tupu, hakuna deni hata moja. Shangazi anasema si kwamba hawakuuza. Koko alitoa, na kitu yenye umetoa hauandiki.

Barabara ikifungwa vitu vinatoka wapi?

Kwa njia yenye imebaki. Siye soko yetu ukiangalia vizuri ni barabara tu, ukibadilisha barabara umebadilisha vitu vyenye viko kwa meza. Mwanzo wa 2024 vita ilifika karibu na Sake, barabara ya Minova ikakatika, maharagi ikaanza kuja na bato kwa ziwa mpaka Kituku, bandari ya apa Goma. Bei ikapanda juu bato inalipisha na kwa bandari wanalipisha na wabebaji wanalipisha. Na bato zilikuwa zinajazwa zaidi. 3 mwezi wa 10, 2024, moja yenye ilitoka Minova ilizama, Kituku inaonekana kabisa, watu walikuwa wanaangalia toka pembeni. Ile asubuhi papa alikuwa kwa bandari anangojea magunia. Alirudi kwa miguu, akakaa, hakuongea mpaka kesho. Kiisha ile tulinunua kidogo kidogo tu na kwa bato zenye hazijajaza, na kama tulikosa, tulikosa.

Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025 waasi wa M23 waliingia mji, benki zikafunga, uwanja wa ndege nao. Noti ya kwa mfuko ikawa kitu ya kutafuta. Tukarudi kwa kaye. Watu wakacheka mbele, kiisha wakaanza kuleta wenyewe: niandikie makopo 3. Pesa ya telefone tunapokea pia, lakini tuma mbele ya kuondoka, si ukifika nyumbani, tulisha jua ile wimbo.

Naweza kupata deni?

Kama mama yako yuko kwa kaye, ndiyo. Kama hauko, anza kununua, tutaonana. Hatuweki faida juu ya deni, koko alikataza. Lakini ukikawia sana jina yako inaenda kwa ukurasa ya nyuma, na ile ukurasa shangazi njo anaishika, na shangazi anajua kwenu. Na hatukopeshi siku ya likirimba, kile chama cha kuchangiana pesa kwa zamu, ile siku pesa yote iko inaenda kwa mama mwenye zamu.

Kati yenu wajukuu nani atarithi?

Swali ya uchokozi lakini sawa. Wakati tate alikufa, wajomba na wazee wa kijiji walikuja kusema shamba ni ya wanaume, shangazi aliolewa kwengine, apewe mbuzi na kitenge. Sheria haisemi vile. Code ya familia inasema watoto wote, wa kike na wa kiume, wanagawana sawasawa, na robo tatu ya mali ni yao. Papa, na njo maana namuheshimu hata na 1966 yake, alisimama mbele ya wazee akasema kama shangazi hapati, naye hachukui. Ikawa kelele siku mbili. Mwisho shangazi alipata upande wa juu, wenye maji, na papa alipata upande wa chini wenye mawe, ambao ile wakati ilionekana ni bahati mbaya. Sasa papa anauzisha mawe kwa wajenzi na shangazi anamuuzia maji ya kunyunyizia karoti. Wajukuu tuko tisa, watatu tu njo tunaamka saa kumi na moja. Wenye wanaamka watajua.

Munafungua saa ngapi, na ile kaye ya kwanza naweza kuiona?

Tunafungua saa kumi na mbili na nusu mpaka saa kumi na moja ya jioni, siku ya yenga misa ikiisha, na siku ya posho salongo, ile kazi ya wote ya kusafisha mji, ikiisha. Kaye iko, kwa ile ile bidon ya njano, juu ya kabati, imefunikwa na kitambaa. Unaweza kuiona, nawa mikono mbele, makaratasi imekuwa kama ngozi ya kitunguu. Ukurasa ya 14 tu njo tunapita haraka. Kuna deni ya makuta 60, haijalipwa, na yule mzee angali anakuja kununua viazi kila siku ya tano.